Laki Tatu Zilizogeuka Laki Saba

Nilipoombwa kuandika juu ya imani kwa ajili ya kitabu hiki, nilidhani nitaandika juu ya maombi, au juu ya kifo cha baba yangu. Lakini kila nilipokaa mezani, aliyenijia ni mama mmoja na daftari lake, pamoja na kompyuta iliyokuwa katika ofisi ya usharika wangu wa kwanza. Jambo hili nimekwisha kulikiri mbele za Mungu na mbele ya usharika ule. Leo nawaeleza ninyi, kwa sababu ndani yake nilijifunza kitu ambacho sikukipata darasani nilipokuwa mwanafunzi, na ambacho sasa nawafundisha wanafunzi wangu wa theolojia kila mwaka.

Ilikuwa mwaka wa tatu wa uchungaji wangu. Usharika ulikuwa milimani, kwenye migomba na kahawa, na mwaka ule tulikuwa tunachanga fedha za kubadilisha mabati ya kanisa. Mhazini wetu alikuwa mjane, mkulima, aliyeshika mfuko wa usharika kwa miaka 14 chini ya wachungaji watatu. Watu wote walimwita Mama Mhazini. Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada jeusi. Kila Jumapili baada ya ibada alifungua bahasha pamoja na wazee wawili, akakata risiti, kisha akaandika katika daftari lile. Alijumlisha mistari kwenda kulia, akajumlisha safu kwenda chini, na kama jumla za pande mbili hazikulingana hakuondoka ofisini hata kama mvua inakuja.

Mimi nilikuja na kompyuta. Ilikuwa imetumika, tulipewa na marafiki, na kijana mmoja wa usharika alitutengenezea programu ndogo ya kuandika michango. Kila Jumatatu karani aliingiza majina na fedha kutoka kwenye risiti. Niliona fahari. Niliwaambia wazee kwamba sasa usharika wetu unaingia katika zama mpya, na kwamba daftari jeusi litastaafu polepole.

Siku ya kufunga mahesabu ya mabati, kompyuta ilisema tumekusanya shilingi 400,000 zaidi ya zile zilizokuwa benki. Tukatafuta mstari kwa mstari. Tofauti ilikuwa kwa msharika mmoja, mfanyabiashara wa mazao. Kompyuta ilisema ametoa 700,000. Nakala ya risiti ilisema 300,000. Daftari la Mama Mhazini lilisema 300,000. Mwenyewe alikuwa safarini, na simu yake haikupatikana.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na mashahidi wawili wa karatasi na mmoja wa mashine, nikamwamini wa mashine. Mzee mmoja alisema risiti inaweza kuandikwa upya. Mwingine alisema kompyuta haina mtoto wa kusomesha. Tulicheka. Wala sikumfuata Mama Mhazini nyumbani kwake kumwuliza. Nilimwita moja kwa moja mbele ya baraza la wazee, jioni, watu 11 wakimtazama.

Akasema, "Mchungaji, mimi nilipokea laki tatu."

Hakuongeza neno. Tulimwambia akae pembeni mpaka ukweli ujulikane. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani, akatoka. Sisi tuliita hatua ile uangalifu. Kijijini iliitwa wizi, na ilifika bombani kabla ya jua la kesho yake kupanda. Mjukuu wake aliyekwenda kuchota maji aliambiwa na wenzake kwamba bibi yake amekula mabati.

Baada ya wiki mbili mfanyabiashara akarudi. Nilimwuliza alitoa kiasi gani. Akashangaa swali lenyewe: laki tatu, na risiti anayo.

Mngedhani nilijifunza palepale. Sikujifunza. Nilimgeukia karani. Nilimwambia amekosea kuandika, na kosa lake limemwaibisha mama wa watu. Kijana yule alikwenda kwenye ubao wa matangazo nje ya kanisa, akarudi na karatasi iliyopauka kwa jua. Ilikuwa orodha aliyoichapa Jumatatu ileile aliyoingiza michango. Mstari ule ulisomeka 300,000. Alhamisi yake alifungua orodha ileile kuongeza majina ya mtaa wa pili, akaihifadhi tena. Tangu hapo ikawa 700,000. Hakuna mkono wa mtu uliogusa mstari ule.

Tukamwita fundi kutoka mjini. Aliweka programu ya kupima kumbukumbu ya kompyuta, akaiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari myekundu. Programu ile huandika alama katika kila chumba cha kumbukumbu, kisha husoma kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Mahali pamoja palikuwa panashindwa, na palishindwa namna ileile kila mara: biti moja iliyoandikwa sifuri ilisomeka moja.

Fundi akachukua kalamu akanichorea. Kompyuta haijui tatu wala saba. Katika orodha kama yetu, iliyohifadhiwa kama maandishi, kila tarakimu ni mfuatano wa biti nane. Tatu huandikwa 00110011. Saba huandikwa 00110111. Hesabuni wenyewe: zinatofautiana kwa biti moja tu, ya tatu kutoka kulia. Kumbukumbu ya kompyuta yetu ilikuwa na biti zaidi ya bilioni 17, na moja kati yake ilikuwa imekwama. Hakuna awezaye kuapa kwamba siku ile ya Alhamisi laki tatu zetu zilipita katika chumba kile. Lakini kosa lililotupata lilikuwa la sura ileile iliyoonekana kwenye skrini, na hatukubaki na maelezo mengine.

Nilimwuliza fundi kwa nini kompyuta haikutuambia. Akajibu kwamba haikujua. Hana haja ya kudanganya, alisema, ila hana njia ya kujua kwamba amesahau. Aliitaja mashine kana kwamba ni mtu, nami nikaona aibu, kwa sababu mtu aliyekuwa anaelezwa pale alikuwa mimi.

Kabla sijasema nilivyokwenda kwa Mama Mhazini, niruhusuni nieleze kidogo juu ya jambo hili la kumbukumbu. Miaka mingi baadaye, nilipohamia chuoni, tulipata seva ya kuhifadhi maktaba na matokeo ya wanafunzi, na fundi wetu wa chuo, mtu mpole anayependa kufundisha, alinionyesha jinsi mashine iliyotengenezwa vizuri inavyoishi na kumbukumbu yake.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba kumbukumbu ya kompyuta husahau kwa asili yake. Kila biti ni chembe ya umeme iliyowekwa katika chombo kidogo sana, na chombo hicho huvuja. Kwa hiyo mashine huisoma na kuiandika upya kumbukumbu yake yote kila baada ya milisekunde 64 au chini ya hapo. Isipofanya hivyo, kila kitu hufutika. Juu ya hayo zipo ajali. Chombo kinaweza kuchoka na kuharibika, kama chetu. Au chembe ndogo inayotokana na miale ya anga za juu inaweza kupita, ikageuza biti moja, ikaenda zake bila kuacha alama. Mwaka 2003, katika uchaguzi wa Schaerbeek nchini Ubelgiji, mashine ilimpa mgombea mmoja kura 4096 zaidi. Waligundua kwa sababu idadi ilizidi iliyowezekana. Wataalamu walikagua programu wasione kasoro, wakahitimisha kwamba huenda ni biti moja iliyogeuka yenyewe. Na mwaka 2009 watafiti walichapisha uchunguzi wa seva za kampuni ya Google: kila mwaka, kama theluthi moja ya mashine zilipata angalau kosa moja la kumbukumbu lililosahihishwa.

Lililosahihishwa. Neno hilo lilinishika. Linasahihishwaje?

Fundi akanisimulia habari za Richard Hamming, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi Bell Laboratories huko Marekani. Siku za mwisho wa juma aliiachia mashine kazi zake bila mtu wa kuisimamia. Mashine ilikuwa na uwezo wa kutambua kwamba kuna kosa, lakini ilipolitambua iliitupa kazi ile na kushika nyingine. Jumatatu Hamming alikuta kazi yake imeachwa. Akajiuliza: kama mashine inaweza kujua kwamba kosa lipo, kwa nini isijue liko wapi, ikalirekebisha? Mwaka 1950 alichapisha jibu lake. Ukiongeza biti chache za ukaguzi kando ya zile za habari, na ukizipanga kwa hekima, kosa la biti moja hujifichua lenyewe mahali lilipo. Katika seva nyingi leo, kwa kila biti 64 za habari huwekwa biti 8 za ukaguzi. Biti moja ikigeuka, inarudishwa. Zikigeuka mbili, haziwezi kurudishwa, lakini angalau mashine inajua kwamba habari hii haiaminiki.

Alipoona uso wangu haujaelewa, fundi alichukua karatasi akachora mraba wa namba. Jumlisha kwenda kulia, alisema, kisha jumlisha kwenda chini. Namba moja ikiharibika, mstari mmoja hautalingana na safu moja haitalingana. Pale zinapokutana ndipo kosa lilipo.

Nilinyamaza muda mrefu. Lilikuwa daftari la Mama Mhazini. Kwa miaka 14 mama yule alikuwa ameweka hesabu zenye uwezo wa kuonyesha kosa na mahali lilipo. Mimi nilikuwa nimeliweka pembeni kwa ajili ya mashine ya bei nafuu isiyokuwa na biti hata moja ya ukaguzi.

Sasa, vifaa vikishatambua kosa, kazi inayofuata ni ya mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayogawia programu nyingine zote kumbukumbu na nafasi. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo nilipoona kioo changu. Mfumo endeshi haufanyi jambo moja kwa makosa yote. Una ngazi.

Ngazi ya kwanza ni kosa dogo. Vifaa vyenyewe hulirekebisha, kazi inaendelea, hakuna anayeaibishwa. Lakini huandikwa. Mfumo huweka kumbukumbu ya tarehe, chombo gani, mahali gani. Mahali palepale pakirudia mara kwa mara kupita kiwango kilichowekwa, Linux huhamisha kwa upole yaliyomo kwenye ukurasa ule wa kumbukumbu, kwa kawaida baiti 4096, hadi ukurasa mzima, kisha ule wa zamani hautumiki tena. Programu iliyokuwa inautumia haijui hata kama imehamishwa. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Chuoni tuliwahi kubadilisha kipande cha kumbukumbu kilichokuwa kinasahihishwa kila siku kwa wiki mbili, kabla hakijaharibu jina la mwanafunzi hata mmoja.

Ngazi ya pili ni kosa lisiloweza kurekebishwa. Prosesa hupiga kengele, na mfumo endeshi huutia ukurasa ule alama ya sumu. Kwenye Linux njia hii ilianza kutumika mwaka 2009, na neno lililotumika ni hilohilo, sumu. Kisha mfumo huuliza: ukurasa huu ulikuwa wa nani, na ulikuwa na nini? Kama ulikuwa mtupu, unaondolewa tu. Kama ulikuwa nakala ya kitu ambacho bado kipo salama kwenye diski, nakala mbovu inatupwa na ile ya asili inasomwa upya, na hakuna kilichopotea. Kama ulikuwa na kazi ambayo haijahifadhiwa popote, programu yenye ukurasa ule inaarifiwa. Ikiwa imefundishwa kupokea habari kama hiyo, inaweza kujirekebisha. Ikiwa haikufundishwa, inasimamishwa. Inasimamishwa hiyo tu. Nyingine zinaendelea na kazi zao.

Ngazi ya tatu ni sumu kuingia katika kiini cha mfumo endeshi chenyewe, pale ambapo maamuzi yote hutoka. Hapo mara nyingi mfumo hausubiri. Hujisimamisha wote. Wenye kutumia Windows mmewahi kuona skrini ya bluu. Baadhi ya skrini zile ndizo hizi. Tunakasirika, kazi imepotea. Lakini mashine imechagua kunyamaza kuliko kuendelea kutoa amri kwa kumbukumbu iliyooza, ikaandika uongo juu ya kila kitu inachokigusa.

Nilipoelewa ngazi hizi niliifungua Mathayo sura ya 18. Bwana Yesu ameweka ngazi pia. Ndugu yako akikosa, mwendee ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia hao, ndipo kanisa lijue. Sisi wachungaji tunaijua sura hii kwa moyo, na tunaihubiri. Lakini jioni ile ya baraza niliruka ngazi zote. Nilimpeleka mama mjane mbele ya watu 11 kabla sijakaa naye kwenye kigoda jikoni kwake nikamwuliza swali moja. Nilikwenda kwenye ngazi ya mwisho kwa kosa ambalo sikulijua ni la nani.

Hata hilo si kiini cha kosa langu. Kiini ni kwamba sikujishuku. Mfumo endeshi mzuri umejengwa juu ya dhana kwamba kumbukumbu yake yenyewe inaweza kuwa imeharibika. Habari zisipolingana, huangalia kwanza ndani. Mimi nilipoona namba hazilingani nilitazama kila upande isipokuwa upande wangu: mhazini, kisha karani. Kompyuta niliileta mimi. Programu niliikubali mimi. Sikuuliza hata siku moja kama chombo changu kinaweza kukosea.

Mtunga zaburi wa Zaburi ya 19 anamwomba Mungu amtakase na makosa yale ambayo mwenyewe hayaoni. Nilikuwa nimeisoma zaburi ile mara nyingi nikidhani anaomba juu ya dhambi ndogondogo. Sasa nadhani anaomba juu ya zile kubwa. Dhambi tunayoijua inapiga kengele; inatukosesha usingizi, inatupeleka kwenye toba. Dhambi isiyojulikana na mwenyewe husema kwa sauti ya uhakika kamili, kama kompyuta yetu ilivyosema 700,000. Haikusita. Namba ile ilikuwa na wino uleule wa namba nyingine zote.

Ndiyo maana katika ibada zetu tunaanza na maungamo kabla hatujasema lolote jingine. Luther alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, ya kwanza kabisa ilihusu toba kuwa maisha yote ya Mkristo. Zamani nilidhani ni mafundisho mazito, ya kumwinamisha mtu. Nilipotazama seva ya chuo nikaona jambo jingine. Mashine zile zina desturi ya kupitia kumbukumbu yote taratibu, hata sehemu ambazo hakuna anayezihitaji siku hiyo, kusoma na kusahihisha biti moja iliyogeuka kabla ya ya pili kugeuka kando yake. Kwa maana moja inarudishwa, lakini mbili pamoja hazirudishwi. Toba ya kila siku inafanya kazi hiyo. Tunapitia mioyo yetu wakati kosa likiwa bado moja.

Na kosa lisilorudishika je? Hapo namkumbuka Luther tena, aliyefundisha kwamba toba ni kurudi kwenye Ubatizo. Nakala yangu imeharibika, lakini nakala si asili. Kuna mahali Mungu ameandika mimi ni nani, mahali ambapo mkono wangu haufiki kuharibu. Toba ni kuutupa ukurasa wangu uliooza na kusomwa upya kutoka kwa neno lile nililoambiwa kwenye maji. Kama neno lile lisingekuwapo, sijui ningefanya nini na jioni ya baraza, maana sikuwa na nguvu ya kujirekebisha kutokana na kumbukumbu yangu mwenyewe. Kumbukumbu yangu ndiyo iliyokuwa mbovu.

Nirudi kwa Mama Mhazini.

Nilikwenda nyumbani kwake siku ileile fundi alipoondoka. Nilikwenda na wazee wawili, wale waliotania. Tulimkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Nilimweleza yote: ubao wa matangazo, kipimo cha usiku kucha, biti iliyokwama. Nilimwambia nimekosa, na naomba anisamehe. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha. Kisha akasema:

"Mchungaji, mashine yenu mmeipima usiku kucha. Mimi mlinipima dakika ngapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Nikamwuliza kama atanisamehe. Akasema kusamehe amekwisha kusamehe, maana anasali Baba Yetu kila siku na hawezi kuruka mstari. Lakini, akasema, nimwambie nani alale na maneno ya bombani.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya madhabahu kabla ya maungamo, nikaueleza usharika wote nilichofanya, kwa jina langu na kwa kosa langu. Sikusema "kompyuta imekosea". Nilisema mimi nimemshuhudia jirani yangu uongo. Mama Mhazini alikuwa benchi la nne. Siku ile alikuja kwenye Meza ya Bwana, baada ya majuma matano ya kukaa nyumbani. Mikono yangu ilitetemeka nilipompa mkate.

Kiti cha uhazini hakukirudia. Tulimwomba mara tatu. Alikubali kumfundisha aliyemfuata namna ya kujumlisha kwenda kulia na kwenda chini, akampa daftari jeusi, basi. Na bombani, nilisikia baadaye, wapo walioendelea kusema kwamba mchungaji alimfunika tu.

Hilo nalo mfumo endeshi ulinifundisha. Kazi yake kubwa, alisema fundi wa chuo, ni kuifikia sumu kabla haijasomwa. Ukurasa mbovu ambao haujasomwa na mtu ni hasara ya baiti 4096. Ukurasa mbovu uliokwisha kusomwa na kutumwa kwingine hauko tena mikononi mwa mfumo. Unaweza kuifunga mashine, ukabadilisha kumbukumbu yote, lakini barua iliyokwisha kutoka imetoka. Ndiyo maana inapiga kengele palepale. Ndiyo maana inakubali kusimama. Laiti jioni ile ningekubali kusimama! Ningesema tu: "Wazee, namba hazilingani, na sijui kwa nini. Twendeni nyumbani, tusiseme kitu mpaka mwenye fedha arudi." Ingekuwa aibu kidogo kwa mchungaji kijana mwenye kompyuta mpya. Ingekuwa aibu yangu peke yangu.

Ndugu msomaji, mfano wangu una mwisho wake. Ukurasa uliotiwa alama ya sumu mashine huuacha kando, na Windows huweka hata orodha ya kurasa mbovu ili zisitumike mashine ikiwashwa tena. Watu hatukupewa ruhusa hiyo. Petro alikana mara tatu akaulizwa mara tatu, kisha akakabidhiwa kondoo. Kanisa linaloweka orodha ya waliooza halijamwelewa Bwana wake. Lakini kanisa lisiloangalia kabisa, lisilopima, lisiloandika makosa yake, lisilokubali kusimama hata sumu ikifika kwenye kiini, nalo litaandika uongo juu ya maskini wake huku likiamini linatunza mali ya Bwana.

Kila mwaka, katika somo la nidhamu ya kanisa, ninawaandikia wanafunzi wangu ubaoni mafungu mawili ya biti, 00110011 na 00110111, nawaomba watafute tofauti. Huchukua muda. Wengine hukosea. Wakishaiona nawasimulia habari hii, bila kumtaja jina mama yule. Kisha nawapa swali moja la kwenda nalo nyumbani: habari zisipolingana katika usharika wako, wa kwanza kupimwa ni nani?

Mama Mhazini alifariki miaka minne iliyopita. Nilialikwa kwenye mazishi na mjukuu wake, yule aliyekwenda bombani, ambaye sasa ni mwalimu. Alinionyesha daftari jeusi; mhazini wa sasa alikuwa amelirudisha kwa familia. Nilitafuta ukurasa wa mwaka ule wa mabati. Mstari uko palepale: 300,000, kwa wino wa bluu, na jumla zake zinalingana pande zote mbili.

Ee Bwana, unayekumbuka kwa usahihi na kusamehe kwa wingi, tuonyeshe makosa yetu tusiyoyaona kabla hayajamfikia jirani. Utusimamishe tunapotakiwa kusimama. Amina.